Jumanne za Kumsomea Wilma Postma

Mchungaji alipotangaza kwamba macho ya Wilma Postma yamekwisha, na kwamba kanisa linatafuta mtu wa kwenda kumsomea, aliyenyanyua mkono alikuwa Lenora Zylstra. Shingo zikageuka benchi baada ya benchi. Mji wote wa Overbeek ulijua kwamba wanawake wale wawili hawajanywa kahawa meza moja kwa miaka mingi, na mji wote ulijua kwa nini. Mzee mmoja wa kanisa alimeza peremende yake ya mnanaa nzima nzima, kabla hata somo la kwanza halijasomwa. Baada ya ibada wanawake walimzunguka Lenora, wakamshika mikono, wakasema leo wameiona neema ikitembea kwa miguu.

"Si kitu," Lenora alijibu. "Mimi nina vitabu, yeye ana masikio."

Hakusema uongo. Hakusema tu yote yaliyokuwamo.

Alizaliwa katika shamba la vitunguu nje kidogo ya mji, kwenye ule udongo mweusi wa Michigan unaoingia chini ya kucha na kukataa kutoka hata siku ya arusi. Aliolewa na Gerrit, fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto, mtu mpole aliyekufa na koleo la theluji mkononi. Walipata binti mmoja, Janelle. Na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake Lenora alitunza maktaba ya kanisa, chumba kilichokuwa cha kutundikia makoti. Rafu za juu zilijaa vitabu vizito vya mafundisho, vilivyoachwa kwa wosia na wanaume waliofariki, na havikuazimwa na yeyote. Rafu za chini, zilizofikika bila kunyoosha mkono, ndizo zilizokuwa na riwaya, na hizo hazikukaa.

Mgeni akiyatazama majalada yake atacheka: msichana wa gauni refu aliyekupa mgongo, shamba la ngano, na mbali kule nyumba inayofuka moshi. Ndani yake wapendanao hawagusani hadi sura ya mwisho, na kati ya sura ya kwanza na hiyo ya mwisho kuna bastola, wosia wa kughushi, na mtu anayefuatwa kwenye theluji. Lakini wanawake wa Overbeek walilelewa wasitake kitu kwa sauti. Kutaka kwa sauti ni aibu, kama kukata nyasi Jumapili. Katika vitabu hivi mwanamke hutaka kwa kurasa mia tatu, na Mungu mwenyewe yuko upande wake.

Tena huchukia. Kwenye benchi la kanisa huwezi kumchukia mtu, utasumbuliwa na sala ya Bwana. Kwenye kitabu unaruhusiwa kumchukia mwovu tangu anapoingia na kofia yake nyeusi hadi anapotumbukia kisimani, na hesabu yako mbinguni inabaki safi, kwa sababu si wewe uliyemsukuma. Bwana alisema kisasi ni chake, na vitabu hivi vilimwonyesha akikilipa bila kuchelewa. Wengine walisoma kwa ajili ya busu. Lenora alisoma kwa ajili ya kisima.

Naye alikuwa na mtu wa kutumbukia.

Katika kanisa lao kulikuwa na mnyororo wa maombi. Mtu akifikwa na jambo, ugonjwa, ajali, mtoto aliyepotea njia, hupiga simu kwa mama mmoja, naye humpigia wa pili, wa pili humpigia wa tatu, mpaka kanisa zima liko magotini. Wilma Postma ndiye aliyekuwa mkuu wa mnyororo huo. Siku moja Lenora, akiwa hajalala, alimweleza Wilma jikoni kwake kwamba Janelle ana mimba, wala si ya mchumba wake, mtoto wa mzee wa kanisa, bali ya kijana mmoja wa wale wavunaji wanaokuja kutoka kusini kila kiangazi. Janelle alikuwa ameamua: Jumapili atasimama mbele ya kanisa aseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Alimwomba mama yake jambo moja tu, anyamaze hadi hapo.

"Usimwambie mtu, Wilma," Lenora alisema huku akilia. "Niombee tu."

Watu wa Overbeek watakwambia kosa lilikuwa hapo. Mtu wa kwingine angeweza kusema hivyo na kisizuke kitu. Lakini kwa watu hawa, kumwambia mkuu wa mnyororo "niombee" ni sawa na kuuvuta mnyororo wenyewe. Kesho yake jioni Janelle alirudi kutoka kazini akakuta mlangoni mabakuli manne ya viazi na nyama ya kuoka, yamefunikwa vizuri kwa vitambaa, kama yanayopelekwa nyumba yenye msiba. Aliyatazama. Hakuna aliyekufa. Akajua.

Jumapili hakusimama. Alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda Oregon, ambako ndiko aliko hadi leo na mtoto wake wa kiume, kijana mkubwa sasa ambaye Lenora anamjua kwa picha. Hupiga simu Krismasi.

Na Wilma, alipoulizwa, alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa huku amekunja mikono kifuani: "Ulisema nikuombee."

* * *

Jumanne ya kwanza Wilma alikuwa ameketi karibu na dirisha, uso ameuelekeza pembeni, kama wafanyavyo watu ambao giza limewaingia katikati ya jicho na kuwaachia ukingo tu.

"Umekuja kweli," alisema. "Nilidhani utatuma mtu."

"Nimtume nani? Wewe ndiye mwenye watu wa kutuma."

Wilma akacheka kwa puani. "Haya. Ulimi bado unao."

"Nimeutunza. Sikuutumia ovyo."

"Nimestahili hiyo. Keti."

Lenora akaketi, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, kwa maana hakuwa tayari kunywa ya Wilma. "Mbona hutaki vile vitabu vya kusikiliza kwenye mashine?"

"Na yule mwanamume? Anasoma huku anahema kama anataka kunioa. Umri huu, Lenora, sitaki kuhemewa."

Lenora alicheka kabla hajajizuia, kisha akajichukia kwa kicheko hicho njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kitabu alichochagua kiliitwa *Bibi Arusi wa Mwaka wa Moto*. Adelia, yatima, anapika kwenye kambi ya wakata magogo mwaka ule wa 1871, misitu ya Michigan ilipowaka. Wakala mmoja mwenye meno mazuri anataka kumnyang'anya ardhi ya baba yake. Jonas, mwelekeza magogo mtoni, anampenda na hajui aseme nini. Na yuko mama mwenye nyumba ambamo Adelia amepanga chumba, Bibi Pruitt, ambaye kitabu kimempa kurasa chache tu za kugawa uji na kulalamikia matope ya mabuti.

Kwa Jumanne mbili Lenora alisoma neno kwa neno. Jumanne ya tatu, macho yakiwa kwenye karatasi na sauti haijabadilika hata kidogo, alimvutia Bibi Pruitt kiti dirishani, kiti ambacho hakikuchapwa popote kitabuni.

Ilikuwa rahisi kupita alivyodhani. Alikuwa amesoma riwaya hizi maisha yake yote na alijua zinavyopumua: taa ya mafuta, aproni iliyopigwa wanga, moyo unaodunda kama nyundo ya mhunzi. Bibi Pruitt akaketi dirishani akihesabu nani amepita na nani. Jumanne iliyofuata akapewa sikio la kuegemeza mlangoni. Iliyofuata, Adelia, aliyelemewa na siri ambayo kitabu hakikuwahi kumpa, alimwangukia miguuni na kusema: "Usimwambie mtu, Bibi Pruitt. Niombee tu."

Wilma alikuwa anafungua peremende. Karatasi ikaacha kukwaruza.

"Bibi Pruitt akajitanda shali lake," Lenora akaendelea, polepole, kama mtu anayelamba kijiko, "akachukua kikapu cha mayai ili apate sababu ya kubisha hodi, akaenda nyumba kwa nyumba. 'Tumwombee binti yule,' alisema kila mlangoni, na macho yake yaling'aa kuliko mayai. Na jua lilipozama, Adelia alikuta kizingitini kwake mabakuli ya chakula, yamefunikwa kwa vitambaa."

"Chakula?" Wilma akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Chakula gani?"

"Viazi na nyama."

Wilma akageukia dirisha ambalo hakuliona. "Endelea," alisema.

Wiki zile zilikuwa tamu. Tangu Gerrit afariki Lenora hakuwahi kuamka na hamu ya namna ile. Akimenya viazi alimpangia Bibi Pruitt vifo. Moto ungemkuta kwenye ghala amekwenda kupekua barua za watu. Au angekimbilia ziwani na sketi zake nzito zimvute chini huku bado anaongea. Au radi impige asife, ila ulimi ugeuke jiwe. Alizijaribu sauti mbele ya sinki. Jumanne alipaka rangi ya mdomo.

Kanisani, mwanamke mmoja aitwaye Geneva, jirani yake Wilma, alimvuta kando penye meza ya keki.

"Unamsomea nini yule? Hali, halali. Nikimuuliza anasema anangoja kuona mtu atakufaje."

"Hadithi ya zamani tu."

"Basi ukimaliza niwekee. Mimi hizi ninazosoma siku hizi zinanipa usingizi tangu ukurasa wa kwanza."

"Nitakuwekea," Lenora akasema, na aliimaliza keki yake yote, yenye lozi, hata ile ncha iliyoungua.

* * *

Ile Jumanne ambayo moto wa kitabu ulikuwa ufike mjini, Lenora aliamua ni ghala. Alifika na maneno yote kichwani. Wilma alikuwa amekonda, sweta yake imefungwa vifungo kombo.

"Kabla hujaanza," Wilma akasema. "Pruitt anakufa leo?"

"Ngoja usikie."

"Kwenye kitabu hafi. Kwenye kitabu anawapa Adelia na Jonas mablanketi yaliyoloweshwa maji, wanapita, halafu asubuhi yake anaonekana anafagia majivu. Hicho kitabu nimekisoma mara tatu, Lenora. Wewe ndiye uliyeniazima, kabla hatujaachana."

Lenora hakufunga kitabu. Hakujua mikono ifanye nini, ikabaki hapo hapo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu alipokaa dirishani. Pruitt wa kweli hana muda wa kukaa."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka kujua utamfanya nini."

"Mwingine angekuwa ameshanifukuza."

"Na nani mwingine anizungumzie habari hiyo? Miaka yote hii mnanipa mkono kanisani. Habari Wilma, mzima Wilma. Hakuna aliyewahi kuniambia usoni kama ulivyoniambia humo." Akakielekezea kidole kitabu, akakikosa kidogo. "Mayai. Hiyo ya mayai ilikuwa mbaya sana."

"Ilikusudiwa iwe mbaya."

"Najua." Wilma akapitisha ulimi kwenye midomo. "Ulisema nikuombee."

"Nilisema usimwambie mtu!"

"Ulisema yote mawili. Mimi nikachagua." Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kutapika yaishe. "Kutoka kwangu mnyororo ulikuwa unakwenda kwanza kwa Hattie. Hattie ni mzito wa simu. Nikamruka, nikaanza na Geneva, maana Geneva ana haraka, na nilitaka lifike kwa mke wa mchungaji kabla ya chakula cha mchana. Janelle wako alikuwa amepewa kuimba peke yake siku ya Pasaka. Nafasi ilikuwa ya Marcia wangu. Ndiyo hiyo. Hakuna kingine kikubwa kuliko hicho. Wala sikuomba, Lenora. Niliwapigia watu wote waombe, mimi mwenyewe sikuomba hata neno."

Kuna watu husema kisasi kikifika mdomoni hugeuka majivu. Hao hawajakionja. Kilikuwa kitamu. Lenora alikaa kwenye kiti kigumu cha yule mwanamke, akakiacha kishuke taratibu, na alihisi mabega yake yakilegea kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Sasa msomee mwisho wake," Wilma akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni, kwenye ule ukingo uliobaki wa kuona. "Mchome ukitaka. Ila kabla ya moto mpe nafasi aseme kitu. Vitabu vyetu vyote huwapa. Hata yule wa kofia nyeusi hupewa ukurasa wake wa kutubu."

Ilikuwa kweli. Ndiyo sheria ya vitabu hivyo: mwovu hafi kabla hajasikia mlango wa rehema ukigongwa, aufungue au asiufungue. Lenora alimfikiria Janelle, na maneno aliyokuwa ameyatunga kwa ajili ya Jumapili ile, ambayo hakuna aliyeyasikia. Huyo nani alimpa ukurasa?

Na hapo vifo vyote alivyovipika kwenye sinki vikafifia, kwa sababu aliona kilicho bora. Alikuwa ametumikia wasomaji maisha yake yote. Alijua wanachokuja kukitafuta kwenye rafu za chini. Si busu, wala hata kisima. Ni mwisho. Wako tayari kuvumilia chochote, moto, njaa, bunduki, mradi wajue kuna ukurasa ambapo kila mtu ataambiwa lake. Hata kuchomwa ghalani kungekuwa zawadi.

Akarudisha kurasa nyuma hadi asubuhi ya moto, akasoma kama kilivyochapwa. Bibi Pruitt aligawa uji. Bibi Pruitt alilalamikia mabuti.

"Si hapo," Wilma akasema.

"Ndipo tulipofika."

"Lenora. Huyo mwingine. Yule wako."

"Kitabu hiki kina mama mwenye nyumba mmoja," Lenora akasema. "Umekisoma mara tatu, unamjua."

Akaendelea. Mablanketi yakaloweshwa. Adelia na Jonas wakapita katikati ya moshi, wakala mwenye meno mazuri akaangukiwa na paa baada ya kupewa nafasi ya kutubu, Bibi Pruitt akafagia majivu, na kwenye ufuko wa ziwa, miguu ndani ya maji, wapendanao wakabusiana. Lenora hakuwahi kusoma vizuri kama siku ile. Wilma alilia hadi mwisho, na haikuwa kwa ajili ya arusi.

Jioni Lenora hakungoja Krismasi. Alimpigia Janelle.

"Kuna nini, Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna. Wilma Postma amekiri. Kwa kinywa chake. Alifanya makusudi, kwa ajili ya wimbo wa Pasaka. Mimi mwenyewe nimemfanya aseme."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya maji, mtu anaosha vyombo. Maji yakafungwa.

"Mama," Janelle akasema, "Wilma nilimjua tangu nikiwa mdogo. Nilijua ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana sikumwambia yeye. Nilikwambia wewe."

Lenora alikuwa na maneno mengi ya Bibi Pruitt na hakuna hata moja lililofaa hapa.

"Nimetoka kazini, nimechoka," Janelle akasema. Hakuwa mkali. "Tutaongea."

"Lini?"

Lakini binti alikuwa ameshakata.

Jumanne iliyofuata Lenora angeweza kukaa nyumbani. Kitabu kilikuwa kimekwisha, na kila mtu angesema amefanya vya kutosha. Alikwenda. Alibeba kitabu kingine, cha mjane na jaji katika mji wa machimbo, na chupa yake mwenyewe ya kahawa. Geneva alimwona akipita, akamwambia kwa sauti ya kwenye uzio kwamba Mungu anamwona.

"Ananiona," Lenora akajibu.

Wilma alikuwa amechana nywele. Alimngoja akae, avue glavu, afungue ukurasa. Lenora akasoma. Mjane alishuka kwenye treni. Jaji alimbebea begi. Na katika ukurasa wa tano, kwenye ngazi za hoteli, akatokea jirani, mwanamke mnene mwenye kikapu, akamtazama mjane kuanzia kofia hadi viatu.

Mikono ya Wilma ikashikana mapajani.

"Huyu," akasema. "Huyu ni wa kitabu, au ni wako?"

Lenora alikiangalia kikapu kile, kilichochapwa wazi kabisa kwenye karatasi, na ndani yake kulikuwa na maharage tu. Akalamba kidole.

"Tutaona," alisema, akageuza ukurasa.